Vitu Vidogo Vinavyolinda Gita ya Kikundi

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana Kakamega. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa.)



Nimeombwa niseme juu ya gita na vifaa vyake. Najua wengine mlipoona ratiba mlitazamana. Asubuhi tumesikia juu ya mbuzi wa maziwa, kisha mbolea ya samadi, na sasa gita? Lakini fungueni daftari la mali la kikundi chenu. Katika vikundi vingi vya vijana, na hata vya akina mama walio na kwaya, kitu cha bei kubwa kilichoandikwa humo ni gita. Mbuzi akikohoa mnamwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Gita ikikohoa mnaitupa juu ya kabati.

Na gita hiyo ni mradi. Inaitwa harusini, inaitwa matangani, inaitwa kwenye harambee ya shule. Pesa ikirudi inaingia kwenye sanduku. Kwa hiyo swali ambalo vikundi vitatu vimeniuliza tangu jana ni la pesa: tukibaki na akiba kidogo, tununue spika na amplifaya, au tununue nini? Nitawapa jibu langu kabla ya kueleza, msije mkasinzia mkalikosa. Nunueni nyuzi, kapo, mkanda, kitu cha kutyunia na mfuko. Vyote hivyo pamoja bei yake haikaribii ya spika nzuri. Spika ije baadaye.

Nianze na nyuzi, kwa sababu hapo ndipo gita nyingi zinapofia.

Kuna kikundi kimoja, sitakitaja, kilikuwa na gita ya nyuzi za nailoni, zile laini. Uzi wa kwanza ukakatika. Kijana mmoja akaenda sokoni akarudi na seti ya nyuzi za chuma, akazifunga zote sita, akazikaza. Sauti ikawa kubwa, kila mtu akafurahi. Baada ya miezi michache lile daraja la nyuma, pale nyuzi zinapoanzia, likang'oka pamoja na kipande cha ubao. Watu wakasema gita ilikuwa mbovu tangu dukani. Haikuwa mbovu. Nyuzi sita za chuma, hata zile nyepesi, zikikazwa sawasawa zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi kwa jumla. Za nailoni huvuta kilo 40 hivi. Sasa fikirini mfuko wa saruji wa kilo 50. Gita ya nailoni ilijengwa ibebe mzigo usiofika mfuko huo, usiku na mchana. Ninyi mmeipa mfuko mmoja na karibu nusu. Hata punda angelala chini.

Basi mtajuaje gita yenu ni ya aina gani? Tazameni shingo. Ya nailoni kwa kawaida ina shingo pana, na kichwa chake kina matundu mawili marefu kama madirisha. Kule nyuma nyuzi zimefungwa kwa fundo kwenye daraja. Ya chuma ina shingo nyembamba, na nyuzi zimeshikiliwa na vijiti sita vidogo vya plastiki. Si kila gita inafuata hivyo, lakini nyingi zinafuata. Mkiwa na shaka, bebeni gita yenyewe mpaka dukani, msimtume mtoto na maneno.

Seti ya nyuzi za kawaida haipiti sana bei ya kuku mmoja wa kienyeji. Uzi unaokatika mara nyingi ni ule wa kwanza, mwembamba kuliko wote, kwa hiyo mkipata duka linalouza uzi mmoja mmoja, chukueni wa kwanza mbili au tatu muweke akiba. Msipate shida ya kukatikiwa saa tatu usiku katikati ya harusi, bibi arusi anasubiri. Na kila mara mnapomaliza kupiga, futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu. Jasho la mkono ndilo linaloleta kutu. Kitambaa cha shati lililochakaa kinatosha, na kikikaa ndani ya mfuko wa gita hakuna atakayekisahau.

Wazee hapa wanakumbuka gita za mkebe tulizounda utotoni, nyuzi zikiwa ni waya uliofumuliwa kutoka breki ya baiskeli. Zilikuwa shule nzuri sana. Lakini waya huo usiufunge kwenye gita ya kununua. Gita inataka nyuzi sita zenye unene tofauti uliopimwa. Waya wa breki una unene mmoja tu, hivyo ukipanda juu ya shingo sauti zinakataa kukubaliana.

Sasa kapo. Hiki ndicho kitu ninachokipenda, na ndicho ambacho vijana wengi hawakijui, ingawa babu zao walikijua.

Kapo ni kibano kinachofungwa juu ya shingo ya gita kikabana nyuzi zote sita mara moja. Vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni, wapigaji wanaviita freti. Kila freti moja ukipanda, sauti inapanda nusu hatua. Ukifunga kapo kwenye freti ya pili, gita nzima imepanda hatua moja, na vidole vyako vinaendelea kushika yale yale uliyozoea. Aliyezoea kushika G sasa anatoa A. Aliyezoea C anatoa D. Ukifunga kwenye freti ya tatu, ile G inakuwa B bemoli. Kwenye ya tano, C inakuwa F.

Kuna faida gani? Nitawaambia ninayoiona kila siku katika kwaya zetu. Mpigaji ni mwanaume, amejifunza nyimbo katika G, na sauti yake yeye inakaa vizuri hapo. Akina mama wakiingia, kwao wimbo uko chini mno, wananung'unika kama watu wanaosali kimoyomoyo. Kijana haujui wimbo huo mahali pengine, anakataa kubadilisha. Mwishowe watu wanasema fulani hana sauti. Mama yule ana sauti! Mfungie kapo kwenye freti ya tatu au ya nne msikie. Nimeona mama aliyekaa mstari wa nyuma miaka mingi akiletwa mbele kwa sababu ya kibano ambacho bei yake ni ya kilo chache za sukari.

Na kama hamna hata hizo pesa, chukueni penseli. Lazeni penseli juu ya nyuzi, nyuma kidogo tu ya freti, upande wa kichwa cha gita. Msiiweke juu ya chuma chenyewe. Kateni ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, zungusheni nyuma ya shingo, fungeni ncha mbili za penseli zikaze. Pigeni uzi mmoja mmoja. Unaokoroma haujabanwa vizuri, kazeni tena. Wapigaji wetu wa zamani walitumia hivyo hivyo, kipande cha mti au penseli na mpira au kamba, na muziki ulikwenda. Kasoro ya penseli ni kwamba inachukua muda kuhamisha, na nyuzi za pembeni hukataa kubanwa. Kapo ya dukani yenye springi unaihamisha kwa mkono mmoja kabla watu hawajamaliza kupiga makofi. Yoyote mtakayotumia, itoeni mkimaliza. Isilale shingoni mpaka Jumapili ijayo, inatia alama kwenye nyuzi.

Penye gita mbili kapo ina kazi nyingine. Gita moja ipige chini bila kapo, ya pili ifungiwe juu, tuseme freti ya tano, na mpigaji ashike umbo jingine la wimbo ule ule. Wa kwanza anashika F, wa pili anashika C juu ya kapo, na wote wawili wako F. Sauti hazigongani, moja inakuwa kama mzee na nyingine kama mtoto wanaozungumza.

Hapa niruhusuni nikumbushe jambo, maana vijana wanadhani gita ni ya Nairobi. Mtindo wa omutibo umetoka kwetu. George Mukabi alikuwa mtu wa Kisa, hapa hapa Kakamega. Alifariki mwaka 1963, na mpaka leo wapigaji wanahangaika kufuata vidole vyake. Na majirani zetu wa Bunyore, Abana ba Nasery, yaani Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, walikuwa na gita mbili na chupa ya Fanta. Chupa! Ile ya zamani ya kioo iliyo na mistari, inagongwa na kukwaruzwa kwa chuma kidogo. Mwaka 1992 rekodi yao ilitolewa Uingereza, na kwenye jalada wakaitwa wafalme wa gita na chupa wa Kenya. Mnacheka, lakini chupa ile ni kifaa cha gita kama kapo ilivyo. Mpigaji wa vidole, akiwa peke yake, hukimbia bila kujua. Chupa inamshika mkia. Chupa ya plastiki haifai hata kidogo, kwa hiyo mkiona ile ya kioo yenye mistari kwa bibi, ombeni.

Tuje kwenye kutyuni. Wengi mnatyuni kwa sikio na mnafanya vizuri. Lakini sikio linahitaji pa kuanzia. Zamani tulikuwa na uma wa chuma, unaugonga gotini, unauweka juu ya ubao wa gita, unatoa A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Hiyo ni sawa na uzi wa kwanza ukibanwa freti ya tano. Hauhitaji betri na hauharibiki, anayeupata asiuache. Siku hizi kijana mwenye simu ya kisasa anapata programu ya kutyuni bila malipo, na kwa mazoezi ya nyumbani inatosha kabisa. Kuna pia tyuna ya kubana kwenye kichwa cha gita. Hiyo inasikiliza mtetemo wa ubao, haisikilizi hewa. Kwa sisi tofauti ni kubwa, na nitaeleza kwa nini. Simu inasikia kwa maikrofoni. Kama isukuti inapigwa mita tano kutoka hapo, simu inatyuni ngoma! Tyuna ya kubana haijali isukuti.

Mwenye gita iliyotyuniwa vibaya halafu mkamnunulia spika, mmefanya nini? Mmepeleka makosa mpaka kijiji cha pili. Ndiyo maana nilisema spika ije baadaye. Sisemi isije. Mkipiga mbele ya watu mia tatu uwanjani, gita tupu haisikiki, hiyo ni kweli. Lakini spika inataka umeme au jenereta, inataka waya nzuri, inataka mtu anayejua asishike vyuma akiwa na miguu mibichi kwenye nyasi zenye umande. Kikundi kinachoshindwa kubadilisha nyuzi hakitaweza kutunza amplifaya.

Mkanda. Mpigaji akisimama bila mkanda, mkono wake wa kushoto unafanya kazi mbili, kubeba shingo na kubana nyuzi. Hawezi kufanya yote mawili vizuri. Baada ya saa moja mkono unakufa, na matanga yetu mnayajua, ni usiku kucha. Kamba ya katani inakata bega. Mkanda mpana wa vidole vitatu hivi unagawanya uzito. Na hapa ninazungumza na vikundi vya akina mama wenye cherehani: mnanunua mkanda wa nini? Kitambaa cha turubai ndani, kitenge juu, ncha mbili za ngozi au raba nzito zenye tundu. Mfuko wa gita pia ni hivyo hivyo, turubai nje, kipande cha blanketi kuukuu ndani, zipu ndefu. Hesabuni kwaya zilizo katika tarafa yenu na mjue ni gita ngapi zinatembea uchi kwenye boda boda. Shoneni moja kwanza, mjaribu, mvae wenyewe, ndipo muuze.

Angalizo kwa mafundi: ile skurubu ya kushikia mkanda kwenye kisigino cha shingo, toboa kwanza tundu dogo kwa kekee. Ukiisukuma tu, mti unapasuka, na hapo ndipo uzito wote unapokaa.

Mfuko si urembo. Kwetu mvua haiombi ruhusa, na gita ni mbao nyembamba zilizounganishwa kwa gundi. Ikinyonya maji inavimba, nyuzi zinapanda juu, na kubana kunakuwa kama kubana waya wa boma. Halafu Januari na Februari, jua likikaza, mbao zinasinyaa na kupasuka. Kwa hiyo msiitundike kwenye ukuta wa udongo wenye unyevu, wala jikoni juu ya moto, wala chini kabisa ya mabati. Msiiache ndani ya gari juani, gundi inalainika. Chumba cha kawaida, ndani ya mfuko wake, mbali na mlango, inatosha.

Kuhusu kipande cha kupigia, kile cha plastiki, nitasema kidogo. Wapigaji wa omutibo hawakukihitaji, walitumia gumba na kidole cha shahada, kama Jean-Bosco Mwenda wa Kongo ambaye sahani zake za santuri ziliwafundisha wengi. Lakini sisi tunalima. Jembe na kucha hazipatani. Kucha za mkono wa kulia zikivunjika zote, kipande hicho kinaokoa. Kikipotea, kateni kwenye kadi ya plastiki iliyoisha muda, umbo la pembe tatu lenye ncha ya mviringo, mkilainishe kwa msasa. Jerikeni ni nene mno. Kucha za mkono wa kushoto hizo zikatwe fupi kabisa, wote bila ubishi.

Kijana mmoja ameniuliza pale nje: nani atalipia haya yote? Swali zuri. Mimi nimeona njia moja inayofanya kazi. Kila mara gita inapoitwa mahali na malipo kutolewa, mweka hazina anatoa kwanza fungu dogo la nyuzi, kabla ya soda, kabla ya nauli, kabla ya mtu yeyote kugawiwa. Analiandika kwenye ukurasa wake peke yake. Na anayeazima gita kwa shughuli yake binafsi anairudisha ikiwa na nyuzi sita. Akirudisha tano, ananunua. Vikundi vingine vinaona haya kumwambia mtoto wa mwenyekiti, lakini uzi haujui mtoto wa nani.

Na gita ikae kwa nani? Isikae kwa anayepiga vizuri kuliko wote. Najua hapo nimewaudhi wapigaji. Ikikaa kwake inakuwa yake, na akienda Nairobi kutafuta kazi mtabaki mnaimba kwa makofi. Ikae kwa mtu mwenye nyumba kavu na mlango unaofungwa, na siku za mazoezi zijulikane ili wasichana nao wapate kuishika. Katika vikundi vingi nimekuta wavulana wanne wanaopiga na msichana hayupo, halafu tunasema wasichana hawapendi gita. Shingo ikiwa ngumu kwa vidole vya anayeanza, mfungieni kapo freti ya pili au ya tatu. Nyuzi zinashuka karibu na ubao, na nafasi kati ya freti ni ndogo huko. Vidole vitauma kidogo tu.

Nimalizie na kubadilisha uzi, maana tutafanya hapa hapa. Usitoe nyuzi zote kwa pamoja. Toa mmoja, weka mmoja, ili shingo isishtuke. Uzi mpya uzungushe mara mbili au tatu kwenye kizungushio, usijaze kama bobini ya cherehani. Ukikaza, geuza uso pembeni, uzi wa chuma ukikatika unaruka machoni. Kisha uvute kidogo kwa vidole katikati ya shingo, utyuni, uvute tena, utyuni tena, mpaka uache kushuka. Mkifanya hivyo leo jioni, kesho harusini hautashuka. Ncha inayobaki ikateni kwa koleo na mwiokote, watoto wanatembea bila viatu.

Kuna gita tatu pale kwenye benchi, moja ya nailoni na mbili za chuma. Sitawaambia ni ipi. Njooni mtazame shingo na daraja mniambie wenyewe, halafu kila kikundi kitoe mtu mmoja afunge uzi. Mama mwenye leso ya kijani, anza wewe.